Mwaka Nilioishiwa na Hamu

Mabibi zangu, kabla ya lolote namshukuru Mola aliyeniinua kitandani leo nikaja hapa nikiwa nataka kuja. Kutaka, ndugu zangu. Neno hilo mimi nililipoteza.

Wengi mwanijua. Ni mshona kofia wa hapa hapa Pate, na harusini nilikuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Mwaka ule baada ya uhuru nilishikwa na kizunguzungu na kichwa kikali. Nikapelekwa hospitali Amu, Lamu mjini, nikaambiwa ni presha, nikapewa vidonge. Kichwa kikatulia, nikashukuru.

Kisha, polepole, nikaanza kuzimika. Kofia niliiweka pajani, sindano mkononi, na mkono hauendi. Chakula kikawa kama udongo. Nawaambia, haikuwa huzuni. Huzuni naijua, nimezika wazazi. Hii ilikuwa ni kufungiwa ndani ya mwili wangu mwenyewe, nawasikia watu wa nje, nami sina nguvu hata ya kubisha mlango.

Mwanangu akaolewa. Wanawake wanaimba uani, mimi nimelala chumbani, uso ukutani. Akaingia na hina yake mikononi.

"Mama, nimekukosea nini?"

"Hukunikosea, mwanangu."

"Basi inuka, hata kidogo tu."

Nilitaka kutaka kuinuka. Mnanielewa? Sikuweza. Akatoka analia siku ya harusi yake.

Maneno yakazidi. Mmoja alisema ni pepo, mwingine husuda, mwingine uvivu. Nikasomewa, na kisomo ni kheri, lakini nilibaki pale pale. Bwana wangu alichoka, akawa hanisemeshi. Nami nilijiona sina imani. Ikafika hali nikawa naomba nilale nisiamke.

Wifi yangu ndiye hakuchoka. Aliniogesha, akanilisha, kisha akanipeleka bandarini Mtangawanda, akanitia botini mpaka Amu.

Daktari alikuwa kijana wa bara. Akauliza, "Bibi, ulianza lini kuwa hivi?" Wifi akajibu, "Tangu apewe vidonge vya presha. Kabla ya hapo hakuna aliyemshinda kwa maneno!"

Daktari akavitazama vile vidonge. "Ubongo wa mtu una dawa zake, unazitengeneza wenyewe," akasema. "Ndizo zinazomtia hamu ya kula, ya kazi, ya watu. Vidonge hivi vinashusha presha, lakini kwa baadhi ya watu vinazimaliza dawa hizo."

Nikamwuliza, "Kwani si imani yangu iliyopungua?"

"Imani yako siijui, bibi. Vidonge navijua."

Nikalia. Ndiyo mara ya kwanza nilipoona kwamba huenda kuna ndia ya kutoka.

Akanibadilishia dawa. Sikupona kesho yake, nisiwadanganye; wiki zilipita nikiwa mle mle. Hata ikafika siku moja, tunakula, nikasema, "Wifi, samaki huyu mbona hana chumvi?" Wifi akaacha tonge, akanikumbatia, analia na kucheka. Nilikuwa nimetaka kitu.

Harusi ya mwanangu haikurudi. Nimemwomba radhi, amenipa.

Ahsante wifi yangu, siwezi kukulipa. Ahsante daktari yule, popote alipo. Nanyi, dawa zenu msizitupe kwa maneno yangu. Rudini kwa daktari mumwambie lililobadilika. Na mkiwa na mtu nyumbani amelala ameelekea ukutani, msimwambie ajikaze. Mwogesheni, mlisheni, kisha mshikeni mkono mumtafutie msaada, kwani yeye mwenyewe hawezi kuutaka.