Wimbo Niliouandikia Jina Langu

Sogeeni, wadogo zangu, daktari kasema moyo huu hauna siku nyingi. Na wewe mpiga ngoma, acha kuvuta makamasi; hata kulia unachelewa mdundo. Tangu wazazi wetu wafariki nimewalea mimi, shule nikaiacha darasa la sita, studio nikaijenga kwa mikono hii, na mji mzima hakuna fundi wa sauti anayenifikia, msibishe, mgonjwa habishiwi. Basi bingwa wenu huyu huyu leo anaona aibu hata kuwatazama.

Ule wimbo uliotupa jina, ambao mnajigamba kwamba kaka aliutunga akinyoa ndevu, sikuutunga mimi. Ni wa Mama Kinanda, yule mjane tuliyemkodi siku moja apige kwenye tangazo la sabuni. Wakati wa mapumziko, chai pembeni, akapiga kitu chake mwenyewe. Nikaacha mashine irekodi. Mnajua tunavyofanya: mwanamuziki anasaini fomu mlangoni, mengine tunajaza baadaye. Alipoondoka, penye nafasi tupu nikaandika kwamba ametuachia kila alichopiga, na penye "mtunzi" nikajiandika mimi. Nilidhani kumlipa mtu siku yake ni kumnunua na kichwa chake. Wakili akaniambia, "Alikodiwa kwa tangazo. Wimbo ni wake, mpaka asaini karatasi aliyoisoma." Nikamjibu, "Mheshimiwa, wewe imba kesi zako."

Siku moja mama wa watu akaja, akasimama pale mapokezi, kwenye meza yako, dada. "Mwanangu, nimesikia kinanda changu redioni." Nikacheka. "Mama, vinanda vyote vinafanana." Akaniomba radhi. Yeye, wadogo zangu, akaniomba radhi mimi!

Sikilizeni, pumzi inakata. Dada, ile fomu usiichane; mpelekee, pamoja na rekodi ya kwanza. Nendeni naye ofisi ya hakimiliki, jina langu lifutwe, lake liandikwe. Mkiulizwa, semeni kaka yetu aliiba, msinipambe. Studio ni yenu, mgawane bila kutoana macho. Wimbo si urithi wenu.

Mungu awatunze... awape mikono safi kuliko hii yangu.

Na mazikoni... najua mtataka kuupiga. Mwombeni kwanza yeye. Akikataa... msimbembeleze. Nizikeni kimya.