Sala Niliyoomba Bila Kufungua Mdomo

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi wa Tabora mjini, asifiwe na ninyi wa Itetemia, asifiwe zaidi na ninyi mlioko porini kwenye kambi za asali, ambao karatasi hii itawafikia ikiwa imeshikwashikwa na mikono mingi.

Mimi shule niliishia darasa la pili. Lakini haya nimeyaandika kwa mkono wangu, sikumwomba karani. Nilianza na mzinga mmoja wa gome nilipokuwa kijana sina hata ndevu, na bendera ya Uhuru ilipopanda, mizinga yangu ilikuwa imejaa msitu wa upande wa Ipole. Nilikuwa na nyumba ya bati, baiskeli na redio. Hakuna aliyenipa. Sisemi ili mnisifu, ingawa hadi leo hakuna anayetengeneza mzinga ukanishinda mimi.

Na kuomba, ndugu zangu, niliomba! Jumapili mchungaji akitafuta mtu wa kuomba, kanisa zima linageuka kunitazama. Nilianzia kuumbwa kwa ulimwengu, nikapita kwa Ibrahimu, nikavuka na Musa, na nilipofika Amina watoto wamelala na akina mama wanafuta machozi. Walikuja watu kwa treni kutoka Kaliua kunialika kwenye mikutano yao. Nikajua mimi ni Mkristo aliyekomaa. Nyumbani nilikuwa siombi. Nilikuwa nimechoka.

Ikaja miaka ya vijiji vya Ujamaa. Tukahamishwa, tukapangwa kando ya barabara, na mwenyekiti wa kijiji akasema warina asali wote tuwe kundi moja. Mimi niliyejenga kila kitu peke yangu! Niliingia shingo upande, nikasema moyoni, basi waje waone kazi inavyofanywa.

Mwisho wa kiangazi tukaenda porini kupandisha mizinga mipya mitini kabla ya mvua. Kiongozi wa kambi yetu alikuwa Kulwa, mdogo wangu kwa umri, mtu wa maneno machache. Akanipa kamba nijifunge kiunoni. Nikamwambia kamba ni ya walioanza jana. Nikapanda hivihivi, wenzangu wakiniangalia kutoka chini, na mimi nikijua wananiangalia. Tawi likakatika.

Mguu ulivunjika chini ya goti. Kulwa akachuna gome lilelile la kutengenezea mizinga, akaufunga nalo, akazungushia kitambaa alicholowesha maji ili uvimbe upoe. Wenzetu wengine wakaondoka kwenda kijijini kutafuta watu wa machela. Kulwa naye ilibidi aende kuchota maji, maana yaliyokuwepo yalikwishia kwenye mguu wangu, na kisima kilikuwa mbali. Kabla hajaenda nikamwomba aniombee.

Akasema, "Leo omba mwenyewe, kaka. Wewe ndiye mwenye maneno. Sisi wengine tunaokotaokota tu."

Akaenda. Nikabaki na miti.

Nikafungua mdomo. "Ee Mungu uliyeumba mbingu na nchi..." Nikakwama. Ndugu zangu, maneno yaliisha! Hapakuwa na wa kuitikia Amina, hapakuwa na wa kulia. Hapo nikaogopa kuliko nilivyoogopa nilipokuwa naanguka. Niliogopa kwamba miaka yote ile nilikuwa nazungumza na watu tu, na kwamba kwa Mungu sijulikani. Mtu akifa porini bila kujulikana kwa Mungu, anakwenda wapi?

Nikiwa katika hofu hiyo, nyuki wakaja. Wakati ule wa mwaka mito imekauka, nao hutafuta maji popote. Walikikuta kitambaa kibichi kwenye mguu wangu. Walikuja mmoja mmoja, kisha wakajaa hadi kitambaa hakionekani. Kila mrina asali anajua: nyuki aliyekuja kunywa hana ugomvi nawe, lakini usimtikise, wala usimpumulie kwa mdomo. Pumzi ya mtu inawakasirisha. Kukimbia siwezi, kupiga kelele siwezi. Nikafumba mdomo.

Na mdomo ukiwa umefumbwa, nikaomba. Sikumtaja Ibrahimu wala Musa. Nilisema moyoni: Bwana, ni mimi. Naumia. Usiniache.

Basi. Hiyo ndiyo sala yote. Sikusikia sauti, sikuona nuru, nisiwadanganye. Lakini nilijua nimesikiwa, kama mtu anavyojua gizani kwamba kuna mwenziwe chumbani. Machozi yakanitoka, na nyuki mmoja akanipanda shavuni akayanywa.

Kulwa aliporudi alisimama mbali, akangoja kimya hadi kitambaa kilipokauka na nyuki wakaondoka wenyewe. Hakuna aliyeniuma. Akanisogelea, akanitazama sana, akasema, "Kumbe unaweza kunyamaza, kaka." Nikacheka na mguu unaniuma.

Nilikaa hospitali muda mrefu. Mfupa ukaunga, lakini ukaunga kwa kupinda. Nilimwomba Mungu aunyooshe, nikaomba tena na tena. Hakuunyoosha. Mtini sipandi tena. Kundi nililoliingia shingo upande halikunifukuza. Kulwa ndiye anapanda, mimi nabaki kambini natengeneza mizinga na kuwapikia ugali. Mchana kutwa niko peke yangu na Bwana, na sasa hatuishiwi maneno, hata tusiposema. Nisingeyapata haya nikiwa na miguu miwili mizima. Najijua.

Kanisani nikiitwa kuomba, namaliza upesi. Mara ya kwanza mchungaji aliniuliza kama naumwa. Na jioni moja mke wangu alinikuta nyuma ya jiko nimekaa kimya, akauliza nimekasirishwa na nani. Nikamwambia naomba. Akavuta kigoda, akakaa karibu yangu. Miaka yote ya ndoa yetu tulikuwa hatujawahi kuomba pamoja.

Namshukuru Mungu kwa mguu huu. Ndugu yangu unayesoma, labda uko kwenye shida iliyokumaliza maneno. Usitafute mwenye maneno mazuri aje akuombee kwanza. Iweke karatasi hii chini. Fumba mdomo. Mwambie ni wewe.