Mana Tibang, Ambaye Nyumba Yake Haikufika Mjini

Marehemu Primitiva Lagumbay, ambaye kwa heshima nyote mlimwita Mana, yaani dada mkubwa, Tibang, alizaliwa tarehe 27 Novemba 1927 katika kijiji cha zamani cha mdomoni mwa mto, hapa kisiwani Samar. Baba yake, Eustaquio, alikuwa mgema tembo. Mama yake, Dorotea, msuka mikeka.

Alisoma mpaka darasa la nne. Wajapani walipoigeuza shule kuwa kambi, alirudi nyumbani akajifunza kusuka. Mwaka 1947 alifunga ndoa na Anselmo Lagumbay, mtega kaa, mtu mpole aliyeogopa buibui. Walijaliwa watoto wawili, Crispulo na Rosenda.

Kimbunga cha Desemba 1951 kilipokizamisha kijiji, Don Melquiades Abrenica, mkubwa wa kijiji, alitangaza kwamba watu watahamia juu, ng'ambo ya kijito, na mji mpya utaitwa Santa Escolastica. Nyumba zilizosalia zilipitishiwa mianzi chini ya sakafu, wanaume wakazibeba mabegani moja baada ya nyingine. Hayo husimuliwa kila sikukuu ya mtakatifu wetu, kwa bendi na hotuba. Yanayofuata hayasimuliwi.

Desturi ni mwenye nyumba kuwalisha wabebaji. Zamu ya marehemu ilifika tarehe 18 Machi 1952. Anselmo alikuwa hoi kwa malaria, amelala ndani ya nyumba hiyohiyo iliyobebwa. Mchele wao ulikuwa umekwenda na maji. Wabebaji walipoitua nyumba kando ya kijito wapumzike, marehemu aliwaletea sufuria ya viazi vitamu.

"Viazi?" akauliza Don Melquiades, aliyeshika mwanzi wa mbele. "Mana, hawa umewaona wanaume au nguruwe?"

"Ndivyo nilivyonavyo, Don. Tukifika juu nitatafuta mchele."

"Basi ukiupata, utuite."

Wakacheka. Mmoja akaipiga sufuria teke. Wakachomoa mianzi yao wakaenda kunywa tembo. Anselmo akaita kutoka ndani, "Tibang, tumeshafika?"

"Tumefika," akamjibu. "Lala."

Anselmo alikufa humo kabla ya Pasaka, nyumba imeinama upande, mvua ikiingia, naye akiamini yuko mjini.

Mpaka wa mji ulipochorwa, ulipitishwa kwenye kijito, nyumba ikabaki nje. Jiwe la waanzilishi pale uwanjani lina majina ya wote ambao nyumba zao zilifika. La Lagumbay halimo. Marehemu alipompeleka Crispulo shuleni aliambiwa, "Mtoto wa nje ya kijito akasome hukohuko nje." Kijana akawa anavuka mto mkubwa kwenda shule ya mji jirani, na tarehe 5 Oktoba 1959 mto ulimchukua. Waliomfukuza walileta mshumaa.

Kwa zaidi ya miaka sitini marehemu aliishi kwa kusuka mikeka. Hakuna nyumba ya waanzilishi ambayo watu wake hawakulala, hawakuzaa na hawakufia juu ya kazi ya mikono yake. Walivuka kijito kununua, wakavuka kurudi. Yeye, tangu aliporudi na mtoto wake siku ile ya shule, hakukivuka tena. "Mlianza kunibeba," aliwaambia, "mtamaliza kunibeba." Kila sikukuu, walevi wa mjini walipopita mlangoni kwake, aliwatolea viazi vya moto. "Kuleni, wanangu. Mchele bado sijaupata." Wajukuu wake walicheka mpaka machozi. Walevi hawakujua kwa nini.

Januari mwaka huu alipata kiharusi kilichoulaza mkono wake wa kulia. Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 9 Mei 2017. Halmashauri ilipoombwa kaburi ilijibu kwamba makaburi ya mji ni ya wakazi. Rosenda akasema, "Vizuri. Tutamlaza mama chini ya jiwe lenu la waanzilishi, mpite mkimruka." Kibali kikatoka jioni ile, "kwa huruma." Familia inawarudishia neno hilo. Leo hahurumiwi mtu. Kuna kazi iliyoachwa njiani, inamaliziwa.

Marehemu aliacha wosia mmoja: mifupa ya Anselmo na ya Crispulo ifukuliwe na kuwekwa pamoja naye jenezani, na wabebaji wawe wajukuu wa wabebaji wale. "Chinjeni nguruwe, pikeni wali mwingi. Walisheni kabla, si baada. Nisisikie mtu anasema njaa." Ndiyo maana mmekula kabla ya kusikia haya. Diwani Norberto Abrenica, unayeshika mwanzi wa mbele kama babu yako, umekula sahani mbili, tumeona.

Ameacha binti, Rosenda, wajukuu wanne, Teodulfo, Marilou, Gaudioso na Jennylyn, vitukuu sita, na mkeka mmoja ambao hakuumaliza.

Sasa inueni. Kijito kiko pale mbele, na hapana kutua. Apumzike Mana Tibang, na Anselmo akimuuliza tena kama wameshafika, mara hii amjibu kweli.