Fundi Wiki Ijayo Ametoka Getini na Gari Lake

Ijumaa tarehe 28 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, fundi wa boila wa idara yetu ya kufulia hapa hospitalini amestaafu. Jina lake kamili liko kwenye cheti alichopewa. Sisi wa chumba cha kufulia tunamwita Wiki Ijayo, na jina hilo alijipatia mwenyewe kwa juhudi zake.

Aliingia hapa akiwa kijana mwembamba, akakabidhiwa boila iliyokuwa ikikohoa kama mgonjwa wa kifua. Tangu siku hiyo haijawahi kukaa baridi siku mbili mfululizo. Mwaka ule wa mlipuko wa kuhara, mashuka yalipokuja kwa malori, alikaa humu siku kumi na moja bila kwenda kwake. Akachonga kipuri kutoka mguu wa kitanda kibovu, na kipuri hicho kinazunguka hadi leo. Hilo nalisema kwanza, maana yanayofuata si ya kumsifu.

Miaka ishirini na mbili iliyopita alikuja na gari likivutwa kwa mnyororo. Ni lile gari la kusafiria na kulala, lenye jiko, kabati na kitanda ndani, ila wakati huo ndani mlikuwa na kutu, panya na sinki lisilo na bomba. Akaliegesha nyuma, mahali petu pa kuanikia. Aliomba wiki mbili tu. Kamba zetu zikahamishiwa kwenye ukuta usiopata jua, na kila aliyemuuliza aliambiwa wiki ijayo.

Mtu mwenye akili zake angeanza na injini. Yeye alianza na mapazia! Akashona mapazia, akayatundika kwenye gari lisilo na matairi. Injini aliishusha mara nne. Rangi alipaka mara tatu, kwa sababu kila akimaliza kupaka, kutu inatokea upande wa pili kama inamcheka. Sakafu ilioza akaibadilisha, paka akazalia kwenye kiti cha dereva, kazi ikasimama mpaka watoto wa paka wafumbue macho. Huyo ndiye fundi wetu.

Mkewe, wifi yangu, ni mwanamke mrefu mwenye subira ambayo mimi sina. Aliahidiwa kupelekwa kwa mdogo wake na gari hilo. Huko ni mwendo wa siku moja, na basi lipo kila asubuhi. Nikamwambia panda basi, wifi. Akasema ameahidiwa. Mdogo wake akazaa, akasomesha, akapata wajukuu, wifi bado anangoja. Tulipoliita gari hilo nyumba ndogo ya fundi, alicheka kutushinda, akasema afadhali ingekuwa mwanamke, angekwenda kumvua kilemba yakaisha.

Siku ya kwanza kuingia ndani ya gari aligonga kichwa. Akatoka, akasema harudi humo mpaka aweze kusimama na kilemba chake. Basi fundi akakata paa zima, akaliinua shubiri nzima, akachomelea upya. Kazi nzuri, siwezi kukataa. Akalipima na bomba la mvuke linalokatiza juu ya geti, bomba alilolifunga kwa mikono yake, akatangaza kwamba litapita. Ila alipima gari likiwa limekaa kwenye rimu. Fundi mzima, matairi hakuyahesabu!

Mwezi wa Mei meneja akatoa tangazo. Uwanja wa nyuma unajengwa chumba cha mashine mpya za kukaushia, na wajenzi wanaingia Jumatatu baada ya fundi kustaafu. Gari likikutwa litakatwa chuma chakavu. Kwa mara ya kwanza, wiki ijayo ilikuwa na tarehe.

Siku ya kumuaga, keki haijakatwa, tukalisikia linaunguruma. Limewaka! Tulipiga vigelegele, moshi ukaingia kwenye mashuka meupe, nikajikaza nisiseme kitu. Wifi alikuwa amekaa mbele, begi mapajani. Gari likafika getini, likasimama. Paa lilizidi bomba kwa vidole vitatu.

Meneja akaangalia saa. Bomba halikatwi, wodi ya wazazi inalitegemea. Dereva wa lori letu la mashuka akashauri matairi yapunguzwe upepo. Yakapunguzwa mpaka yakanuna, bado kidole na nusu. Fundi akakaa chini, kofia mkononi. Wifi hakumtazama. Alisema taratibu, kama anajisemea, kwamba mdogo wake ameshafagia mahali pa kuliegesha.

Hapo ndipo nilipoudhika kwelikweli. Watu wote wale kazi yao ni kufua, na hakuna aliyekumbuka uzito wa shuka lililolowa! Kama msimamizi wa zamu, niliamuru mashine mbili zifunguliwe kabla hazijakamua. Mashuka mia mbili, yanachuruzika maji, tukayapakia ndani ya gari, hadi juu ya kitanda chake kipya na lile kabati alilolipiga vanishi mara saba. Fundi akaanza kulilia mbao zake. Nikamwambia anyamaze, ashike usukani. Kisha wakapanda wanawake wanane wa chumba cha kukunja, na sikuwachagua kwa wembamba, nami nikawa wa tisa. Springi zikalalamika, gari likakaa chini kama kuku anayeatamia. Likapita. Mstari wa rangi yake ya bluu uko kwenye bomba hadi leo.

Nje tulishusha mashuka, tukayafua upya yote. Hakuna aliyenung'unika isipokuwa mimi.

Safari ya siku moja iliwachukua siku tatu. Jumatatu wifi alipiga simu kutoka kwa mdogo wake: amesimama wima ndani ya gari, kilemba kichwani, anamchemshia mdogo wake chai. Jumatatu hiyohiyo boila ikakohoa, na chumba kizima kikaita kwa sauti, Wiki Ijayo! Fundi mpya akajibu kwamba hapana, ataitengeneza leo.

Fundi, mdogo wangu, asante kwa maji ya moto ya miaka yote hiyo. Pumzika vizuri, endesha polepole, na paa usiliguse tena. Tulipohesabu mashuka yalikuwa mia moja tisini na tisa. Lile moja liko chini ya kitanda chako na bila shaka limeshaota ukungu. Lilete mwenyewe, wifi akiwa amekaa mbele. Gari liache nje ya geti. Na usituambie ni lini.