Ndege Iliyokuja Siku ya Sukari

Wewe uliiona hiyo ndege? Usijibu haraka, maana kijiweni kwetu Nyakahura, mwaka ule wa vita, hakuna aliyethubutu kusema hakuiona. Kijiwe chenyewe kilikuwa benchi la miguu mitatu na nusu, kando ya duka la kijiji cha ujamaa, duka ambalo kwa miezi mingi lilikuwa halina kitu ila vumbi na picha ya Mwenge. Nyuma yake lilitundikwa rimu la lori. Likigongwa polepole, ni mkutano. Likigongwa mfululizo, ni ndege ya adui wetu Nduli, kila mtu aruke handakini. Jumanne, saa ile ile gunia la sukari lilipofunguliwa, rimu liligongwa mfululizo. Tuliruka. Idefonsi, mkimbizi aliyetoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni. Alitangulia kichwa, akagonga jiwe la ukingoni, na nusu ya kijiji ikamwangukia. Alitoka akijipangusa, akicheka. Foleni ikaanza upya, sukari ikaisha kabla ya kumfikia. Jioni akatapika. Asubuhi hakuamka. Mpaka Alhamisi, nilipopita kunywa kahawa, alikuwa zahanati akikoroma kama jiwe la kusagia, na kijiwe kilikuwa kimeshajua sababu zote.

Mimi nilikuwa mratibu wa elimu ya watu wazima, mwanamke pekee kwenye benchi lile. Waliniita Digrii. Haikuwa heshima.

Birika: Karibu, Digrii. Leo utakunywa kahawa, siyo dawa. Ina sukari.

Huyo ni Bonaventura, mwuza kahawa, aliyepewa jina la chombo chake cheusi. Kwa miezi tuliinywa chungu, wenzangu wakijisifu kwamba ndivyo wanavyokunywa wanaume. Siku hiyo wanaume walilamba vikombe.

Taarifa: Huyu Birika ana nyota! Kijiji kizima kimekosa, yeye kapata mfuko mzima. Alitoka handakini wa kwanza. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka!

Sheria: Methali hiyo inasema kinyume chake.

Taarifa: Leo inasema ninavyosema mimi.

Taarifa ni Mzee Gozbert. Alisikiliza redio ya katibu kata akiwa nje ya dirisha, akatuletea habari zilizopungua upande mmoja na kuongezeka upande wa pili. Sheria ni Matiasi, tarishi mstaafu wa mahakama ya mwanzo, ambaye hajaacha kuvaa kaptula ya kaki wala kutoa hukumu.

Mimi: Idefonsi anaendeleaje?

Sheria: Bernadetha wa zahanati anasema ubongo unavimba kwa ndani.

Taarifa: Upepo huo! Ndege ikipita chini chini, upepo wake unaingia masikioni. Ubongo unajaa kama mpira.

Mimi: Na masikio yetu sisi yalikuwa likizo?

Taarifa: Sisi tulikuwa juu yake. Yeye alituzibia.

Mimi: Mzee, upepo unatoka juu.

Taarifa: Wa kawaida. Huo ni wa vita.

Sheria: Siyo upepo, ni unga. Ndege haikuangusha bomu, sivyo? Sasa ilikuja kutembea? Ilimwaga unga wa sumu. Niliuona, mweupe kabisa, mlangoni pa duka.

Mimi: Ile ilikuwa sukari. Watu walikanyaga gunia.

Birika alikohoa, akageuka kupuliza makaa ambayo yalikuwa yanawaka vizuri tu.

Mimi: Sikilizeni. Mmewahi kujaza maharage makavu kwenye kibuyu, mkatia maji, mkaziba?

Taarifa: Nilipokuwa mtoto. Kibuyu kilipasuka, nikachapwa mpaka nikasahau jina langu.

Mimi: Fuvu la mtu halipasuki, na hiyo ndiyo taabu. Ubongo umejengwa kwa chembe hai ndogo sana. Kila chembe ina kazi ya kutoa chumvi nje, usiku na mchana, na nguvu ya kazi hiyo inaletwa na damu. Palipogongwa, damu haifiki vizuri. Chembe inachoka, chumvi inabaki ndani, na maji yanaifuata chumvi. Inavimba. Ikivimba inabana mishipa ya jirani yake. Jirani anakosa damu, naye anavimba. Hivyo hivyo, mpaka ndani hapana nafasi.

Taarifa aliweka kikombe chini.

Taarifa: Kumbe maji yanaifuata chumvi kama sisi tunavyoifuata dukani.

Mimi: Ndivyo.

Taarifa: Na kule handakini tulivyobanana, aliyebanwa akambana mwenziwe...

Mimi: Ndivyo, mzee.

Sheria: Lakini alicheka! Mtu ubongo umeumia, anacheka?

Mimi: Uvimbe hauji pamoja na pigo. Unakuja nyuma yake, taratibu. Aliyeanguka kwa kichwa akatoka anacheka ndiye wa kukesha naye. Huyu aliambiwa akapumzike.

Birika: Dawa yake ni nini, dada?

Aliuliza kwa sauti ndogo. Hakuwa amewahi kuniita dada.

Mimi: Hospitali kubwa. Kuna dawa za kuvuta maji. Ikibidi, daktari anatoboa fuvu apate kupunguza.

Birika: Basi apelekwe!

Mimi: Kwa usafiri gani? Kwa baiskeli? Gari la wilaya limekwenda mstari wa mbele. Bernadetha amemwinulia kichwa kwa mto. Mto ndio alionao.

Birika alinijazia kikombe bila kuombwa. Nyingine ilimwagikia kidole changu. Hakuomba radhi; nikakilamba.

Sheria: Mimi naona mbele ya maharage yenu. Jiulizeni. Kwa nini ndege ije saa ile ile watu wamepanga mstari? Nani aliita? Nani alikuwa mbele ya foleni tangu kabla ya jogoo? Na nani ana redio nyumbani?

Mimi: Redio ya Idefonsi haina betri tangu Sabasaba.

Sheria: Kikulacho ki nguoni mwako! Siri ya adui ikimkaa mtu kichwani, lazima ivimbe. Mwenyekiti ameshanielewa. Kesho alfajiri mgambo wanamchukua mke wa Idefonsi, Nimpaye, wampeleke Biharamulo akahojiwe.

Mimi: Nimpaye? Mtoto wake kitovu hakijaanguka!

Sheria: Mtoto atafuatana na mama yake. Sheria haibagui.

Mimi: Wewe uliiona hiyo ndege?

Sheria: Kwa macho haya.

Mimi: Mimi sikuiona.

Taarifa: Ulifumba macho, Digrii. Nilikuona.

Mimi: Kama uliniona mimi, basi hukuwa unatazama mbinguni.

Taarifa: Jicho moja kwako, moja juu.

Walicheka. Na mimi nilicheka, aibu yangu, kisha nikaona wote wametazama upande mmoja. Nimpaye alikuwa amesimama mbele yetu, mtoto kifuani, kanga imelowa maziwa.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama, alijibu Taarifa, akasogea. Benchi likainama.

Hakukaa. Birika alimpa kikombe kwa mikono miwili. Nimpaye alikinusa.

— Ina sukari, alisema. Idefonsi aliitaka kwa ajili ya uji wangu wa uzazi. Alisema atakuwa wa kwanza, hata kama itabidi alale mlangoni.

— Anaendeleaje? niliuliza.

— Mboni ya jicho moja imefunguka kama ya paka gizani. Bernadetha ameimulika kwa tochi, haijifungi. Hiyo ni nafuu, mwalimu?

Nilijua ni nini. Ubongo ukikosa nafasi kabisa, unasukumwa chini, kwenye lile tundu moja ambalo fuvu linalo, na njiani unabana mshipa wa fahamu unaoongoza mboni. Hapo hata gari lisingemwahi tena. Nikamwambia tu:

— Siyo nafuu, mama.

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa.

— Nimesikia kesho nitaulizwa habari za ndege. Siku ile nilikuwa ndani, nanyonyesha. Sikusikia mlio wowote. Nisaidieni nijue la kusema. Ilitoka upande gani?

Sheria alinyoosha mkono upande wa Kaniha. Taarifa alinyoosha upande wa Ngara. Wakatazamana. Sheria akahamia Ngara, na Taarifa, kwa heshima ya mwenziwe, akahamia Kaniha.

Hakuna aliyecheka.

— Basi nitamwuliza aliyegonga rimu, alisema Nimpaye. Yeye ndiye aliyeiona kabla ya wote. Ni nani?

Kijiji kizima kilikuwa kimeijadili ndege ile, rangi yake, mabawa yake, rubani wake ambaye Sheria alimwona masharubu. Hakuna aliyekuwa ameuliza hilo.

Sheria: Rimu... rimu ni kazi ya mgambo.

Nimpaye: Mgambo gani, baba? Wote walikuwa kwenye foleni.

Taarifa: Debe tupu haliachi kuvuma...

Akaiachia methali hapo hapo. Hata yeye hakuona pa kuipeleka.

Nimpaye aliinua kikombe, apate kunywa.

— Usiinywe hiyo, mama, alisema Birika.

Aliweka birika chini, likalala upande, kahawa yote ikatambaa vumbini mpaka miguuni mwetu. Hakuna aliyevuta mguu.

— Ina nini? aliuliza Taarifa.

Birika alikuwa anamtazama Nimpaye peke yake.

— Hakukuwa na ndege. Rimu nililigonga mimi. Nilikuwa wa mwisho kwenye foleni.