Mama Rudia na Neno Lililobaki

Ndugu wafiwa, majirani, mliofanya kazi na marehemu na nyote mliofika, kazi ya kusoma maisha ya dada yetu nimeachiwa mimi, mdogo wake wa kiume, si kwa kuwa nina sauti nzuri, bali kwa kuwa watoto wa marehemu wamesema wazi kwamba wao hawatafika mwisho wa karatasi, basi mtuvumilie.

Dada yetu alizaliwa Jumatatu, tarehe 9 Aprili 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne, baba yetu akiwa karani wa posta na mama yetu mfuaji wa mashuka katika nyumba ya wageni ng'ambo ya barabara, na ni kwenye meza ya kupigia pasi ya nyumba hiyo ndipo alipookota lugha zake tatu za mwanzo, karibu moja kwa kila ghorofa. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1958 hadi 1965, akamaliza sekondari mwaka 1969, kisha akaingia chuo cha lugha alikohitimu Desemba 1973, akiwa wa tatu darasani, jambo ambalo hakulisahau, wala hakumsamehe aliyekuwa wa pili mpaka juzi.

Tarehe 2 Mei 1974 aliajiriwa na hospitali kama karani wa mapokezi, na mwaka 1979 akapandishwa kuwa mkalimani wa wodi, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2011. Alikuwa na namna yake, na wengi wenu mmeionja, kwamba haingii kwenye mazungumzo ya mgonjwa na daktari akiwa amesimama, huvuta kiti kifupi macho yawe usawa wa macho ya mgonjwa, husikiliza, humrudishia mgonjwa kile alichoelewa, na hafungui kinywa kwa daktari mpaka mgonjwa akubali kwamba ndivyo. Daktari naye hakusalimika, maana akimaliza kueleza aliambiwa arudie, na mwaka 1988 daktari bingwa mmoja wa upasuaji alipofoka kwamba anacheleweshwa, dada yetu alimjibu taratibu, "Daktari, rudia hapo uliposema mguu utabaki," na tangu siku hiyo hospitali nzima ikamwita Mama Rudia.

Kwenye benchi la kusubiri ndipo alipoanza mchezo wake wa neno "ma", ambao shemeji yetu, mumewe, aliuita ugonjwa. Aliwauliza wagonjwa wa kila lugha neno hilo kwao ni nini, akaandika kadi, akazipanga kwenye boksi la viatu, kwamba kwa Mwitaliano ni lakini, kwa Mhungari ni leo, kwa Mwestonia ni mimi, kwa Mwarabu ni kuuliza nini, na likivutwa na kukatwa mwishoni ni maji, kwa Mhindi ni mama, kwa Mchina ni mama au farasi kutegemea sauti imekwendaje, kwa Mjapani ni nafasi iliyoachwa kati ya kitu na kitu, na kwa Mvietinamu ni mzimu, kadi ambayo aliapa kutoisoma ndani ya wodi. Kwetu sisi, aliandika, halisimami peke yake, linangoja lishikane na gari ndipo yawe magari.

Jumamosi, tarehe 13 Agosti 1977, alifunga ndoa na fundi cherehani aliyekuwa akishona sare za wauguzi, mtu wa lugha moja na sentimita, na Mungu akawajalia watoto watatu, wa kiume mwaka 1978, wa kike mwaka 1981, na kitinda mimba, naye wa kike, mwaka 1985.

Tarehe 6 Februari 2023, asubuhi, akiwa jikoni anamimina chai, dada yetu alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa ganzi, na lugha zote tisa alizokuwa akizijua zikaondoka, kikabaki kineno kimoja tu, "ma", alichokisema kwa kila jambo na kwa kila mtu, akili yake ikiwa timamu kabisa nyuma yake. Watoto wake walifanya kosa ambalo ni watoto wake tu wangelifanya, wakakimbilia boksi la kadi, kitinda mimba akamletea maji, wa pili akamsomea tarehe ya leo, kifungua mimba akaanza kueleza habari za lakini, na mgonjwa akafumba macho kama mwalimu aliyeharibiwa siku.

Kisha madaktari walisema kuna mshipa wa shingo uliokaribia kuziba, kwamba wakiupasua huenda akapata miaka kadhaa, na huenda asiamke, na Jumanne, tarehe 14 Machi, kifungua mimba alitia sahihi karatasi ya kukubali upasuaji kwa niaba yake. Tuseme ukweli, alikuwa anaogopa kubaki bila mama, na hofu hiyo ndiyo iliyoshika kalamu. Kesho yake asubuhi mhudumu alipoingia na machela, mgonjwa alishika kitanda kwa mkono mmoja uliobaki, akasema "ma", akasema tena, mpaka sauti ikakauka.

Ndipo shemeji yetu, ambaye hakuwahi kugusa boksi lile, alipovuta kiti kifupi, akaketi, akamwambia, "Mke wangu, mimi lugha sijui, lakini nimekuelewa hivi, unataka wakupasue, kama sivyo nifinye," naye akafinywa finyo ambalo alama yake ilikaa siku tatu. Akasema tena, "Basi nimekuelewa hivi, unataka kwenda nyumbani," na kile kiganja kikafunguka, naye akageuza swali mara tatu, na mara zote tatu jibu likawa lile lile. Kifungua mimba aliiomba ile karatasi, daktari akaikata kwa mstari, na Alhamisi, tarehe 16 Machi, dada yetu akarudi kwake.

Aliishi wiki sita na siku mbili, kwenye kitanda kilichowekwa chumba cha kushonea, karibu na dirisha, na kila jioni kifungua mimba alitoka kazini akaketi naye, akimrudishia alichodhani ameelewa, na akafinywa sana, akaondoka na mikono ya bluu. Jumamosi, tarehe 29 Aprili, saa nne kasorobo asubuhi, alimwambia, "Mama, nimekuelewa hivi, umenisamehe ile sahihi," na kiganja kikafunguka, kikabaki hivyo hivyo, na saa nne kamili dada yetu akafariki, akiwa na miaka sabini na miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa daktari aliyekubali kukata karatasi yake mwenyewe bila kununa, inawashukuru majirani walioacha kazi zao kuja kumgeuza, na wafanyakazi wenzake wa mapokezi waliomtembelea kila Jumapili. Tunaona pia mmekuja wengi ambao aliwahi kuketi nanyi kwenye kiti kifupi, na wengine hamkuelewa neno hata moja la tuliyosoma, na hatuna wa kuwatafsiria, maana aliyekuwa akiifanya kazi hiyo ndiye tunayemzika. Basi kila mmoja amuage kwa lugha ya kwao, sisi tunaanza na yetu, pumzika dada, pumzika kwa amani.