Usionje Kwanza, Birindwa

Musikilize, batoto bangu, mimi Muhigirwa baba yenu, kifua kingali kinaniachia maneno. Protais, weka panga chini. Najua uliapa Birindwa hatakanyaga humu ndani, lakini leo nimemwita mwenyewe, naye yuko njiani na kibuyu chake cha pombe ya ndizi.

Shamba la ndizi mugawane sawa, wewe na dada yako Odette. Ile njia ya kushuka ziwani, tuliyomzibia Birindwa kwa miiba asipite na nyavu zake, muifungue kabla ya kunizika.

Chanzo munakijua. Mwaka wa tisini na nane, vita ya pili ilipowaka ng'ambo, kule Bukavu, Protais ulienda kuomba kazi ya simenti Bugarama, bakakupima, bakasema damu iko chini, bakakurudisha. Kijana anayebeba magunia mawili! Nikauliza, nani alikunywa naye juma hili? Birindwa, mukimbizi wa Bukavu. Nikatamka sumu mbele ya bantu, siku zile muntu alipouawa kwa neno dogo kuliko hilo. Balichoma nyumba yake, nami nikasimama nikaangalia. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Halafu mwaka jana muganga Véronique akatupima sote. Ile hemoglobini, inayoipa damu wekundu, yako Protais ilikuwa chini kidogo. Ya Odette chini. Na yangu mimi, niliyelima miaka sitini bila kulala hospitali, chini vilevile. Akatafuta malaria, minyoo, njaa, hakukuta kitu. Akaniambia, "Mzee, bantu bazima habana kiasi kimoja. Ingine inatoka kwa bazazi, sawa vile urefu. Hii ni yenu." Basi sumu niliyomsingizia jirani ni mimi niliyewapa kwa kuwazaa, wala haikuwa sumu. Na mwaka muzima nikanyamaza, kwa haya. Naona haya hata sasa.

Anabisha. Odette, mufungulie... Karibu, ndugu yangu. Hapana, usionje kwanza. Najua desturi, mwenye pombe huanza, mwenzake aone hakuna sumu. Leo hapana. Lete mrija kwangu... Shikeni kichwa changu...

Tamu. Nisamehe, Birindwa.

Batoto, damu hii kidogo ilinitosha miaka sabini... Mungu aibariki, ibatoshe na ninyi...

Protais. Pokea mrija. Kunywa, yeye hajaonja bado.